Vidonge alimeza vyote: kisa cha mimba mbili na hesabu ya siku

Kisa hiki kimetoka katika chumba cha uzazi wa mpango cha kituo cha afya kimoja wilayani Muheza, mkoani Tanga, ninakofanya kazi kama muuguzi mkunga. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Jina lake nimeliacha, na tarehe nimezisogeza asitambulike, ila umbali kati ya tarehe na tarehe nimeuacha ulivyo kwa sababu ndani ya umbali huo ndimo kisa chenyewe kilimo.

Alikuja asubuhi moja ya Jumanne kutoa kijiti cha kuzuia mimba. Miaka 26, mume dereva wa lori la machungwa, mtoto mmoja wa miaka miwili na ushei aliyembeba ubavuni kwa kanga. Mtoto wa umri ule kwa kawaida angekuwa ameshafungua droo zote za meza yangu. Huyu alitulia, miguu inaning'inia bila nguvu, na nyuma ya sikio lake la kulia ulionekana mpira mwembamba ukishuka chini ya ngozi hadi shingoni. Niliujua mpira ule kabla mama hajasema neno. Ni wa kupunguza maji kichwani.

Sababu ya kutoa njia niliandika "anataka kuzaa", nikawa nimeshanyoosha mkono kuchukua glovu. Nakiri kwamba kama angekaa kimya ningetoa kile kijiti, nikafunga bandeji, nikamwita anayefuata. Yeye ndiye aliyenisimamisha.

"Dada nesi, safari ile vidonge vya damu nilimeza vyote. Hata kimoja sikukitupa. Sasa nilikosea wapi? Nisije nikarudia."

Akatoa kwenye mkoba mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kadi yake ya zamani ya kliniki, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika, na chupa kubwa ya vitamini za wajawazito aliyotumiwa na shangazi yake aliyeko Maskati.

Mimba ya kwanza

Kadi ilionyesha hedhi ya mwisho ilianza tarehe 3 Februari. Siku zake zilikuwa hazipishani, kila baada ya siku 28. Mwanzoni mwa Machi aliona zimepita. Hakumwambia mtu ila mumewe. Mimba changa kwetu haitangazwi, macho ya watu ni mengi. Siku hizohizo akapata mkojo wa kuchoma na maumivu ya kiuno, akaenda duka la dawa, akauziwa kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, akameza siku tano. Muuzaji hakumuuliza kama ana mimba, naye hakusema.

Tarehe 28 Aprili alikwenda kliniki kwa mara ya kwanza. Akaambiwa arudi na mwenza wake wapime pamoja. Mume alikuwa safarini na mzigo, akirudi analala usiku mmoja na kuondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba mjamzito hapaswi kurudishwa kwa sababu amekuja peke yake. Akarudi na mume tarehe 9 Juni, mimba ikiwa na wiki 18 kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia hedhi ya mwisho. Wingi wa damu ulikuwa 9.6. Alipewa FEFO (vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki), SP ya kukinga malaria, dawa ya minyoo na chandarua, na kuanzia hapo kadi haina pengo hata moja. Kufikia Oktoba damu ilikuwa imepanda hadi 11.4. Kuna karatasi moja ya utrasaundi ya wiki ya 30: mtoto mmoja, kichwa kimetangulia, mapigo ya moyo yapo. Mgongo haukutajwa.

Alijifungua wiki ya kwanza ya Novemba. Mtoto alilia vizuri. Mkunga alipomgeuza amfute mgongoni, alikuta juu kidogo ya makalio kifuko cha ngozi laini inayong'aa, ukubwa wa yai la kuku, kimejaa maji. Waliomzalisha walifanya jambo la maana sana: walikifunika kwa shashi safi iliyoloweshwa dripu ya maji ya chumvi, wakamlaza mtoto kifudifudi, wakapiga simu ya rufaa usiku uleule. Siku ya tatu alikuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, akafungwa mgongo. Wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua kwa kasi, akawekewa ule mpira. Kichwa kikubwa na mgongo wazi mara nyingi huja pamoja, na mtoto anayefika mapema kwa madaktari wa upasuaji ana bahati ambayo wengi hawaipati.

Nyumbani maneno yalikuwa mengine. Mavyaa wake alisema mimba iliingiliwa. Jirani akasema alikataa dawa za kienyeji kwa ujeuri. Mume alimtetea, namsifu kwa hilo, lakini mama mwenyewe kwa miaka miwili alikuwa na maelezo yake moyoni: kwamba kuna siku alisahau kidonge na hakumbuki ni siku gani.

Nilichomwonyesha

Nilichukua karatasi nikachora mstari, nikaanza kuandika tarehe juu yake. Kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28, hedhi ikianza 3 Februari, yai hutoka karibu siku 14 baadaye. Kwa hiyo mimba ilitungwa kama tarehe 17 Februari. Nikaweka nukta.

Kisha nikamweleza mgongo unavyoumbwa. Mwanzoni kabisa mtoto ni kitu bapa, kidogo kuliko punje ya mchele. Sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo ni kama mkeka uliotandikwa. Kingo zake mbili huinuka, hukunjana, hukutana katikati na kushikana, mkeka ukawa mfereji. Ncha ya juu hujifunga karibu siku ya 25 tangu mimba itungwe, ya chini karibu siku ya 28. Ya juu ikibaki wazi, fuvu na ubongo haviumbiki na mtoto haishi. Ya chini ikibaki wazi, ni mgongo wazi. Kingo zile zinahitaji chembe mpya nyingi kwa muda mfupi, na mwili hauwezi kutengeneza chembe mpya bila folati, vitamini ambayo ndani ya vidonge huitwa asidi ya foliki.

Siku 28 kutoka 17 Februari ni 17 Machi. Nikaweka nukta ya pili. Nikampa kalamu aweke mwenyewe nukta ya 9 Juni, halafu tukahesabu pamoja zilizo katikati. Siku 84. Wiki 12 kamili.

"Kwa hiyo hata mngenipokea ile siku niliyokuja peke yangu?"

"Hata ile. 28 Aprili ilikuwa wiki sita tangu mgongo ufungwe."

Alinyamaza kidogo akimpangusa mtoto mdomo. "Basi vidonge mnavitoa vya nini?"

Swali lake ni halali na ninataka kulijibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyomjibu siku ile, kwa sababu naona hapo ndipo sisi wahudumu tunapojikwaa. FEFO tunaiita vidonge vya damu, na kweli ni vya damu. Madini ya chuma yaliyomo ndiyo yaliyomtoa mama huyu kwenye 9.6 hadi 11.4, na mwanamke anayeingia leba na 11.4 akitokwa damu nyingi ana nafasi ya kuokolewa ambayo mwenye 7 hana. Hata asidi ya foliki iliingia katika uzazi kwa mlango huo wa damu. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alionyesha kule Bombay kwamba wajawazito waliokuwa na aina fulani ya upungufu wa damu walipona kwa kula rojo la hamira. Kitu kilichowaponya kilikuja kujulikana baadaye kuwa folati.

Kazi yake ya pili, ya mgongo, ilithibitishwa miaka 60 baadaye. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro hii. Wote waligawanywa: wengine walipata miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kuanzia kabla ya mimba, wengine hawakupata. Katika mimba 1,195 zilizojulikana mwisho wake, kasoro ilijirudia 27: sita upande wa waliopata, 21 upande wa wasiopata. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungaria ukaonyesha kinga hiyohiyo kwa wanawake ambao hawajawahi kupata mtoto wa hivyo, kwa dozi ndogo ndani ya vitamini mchanganyiko.

Sasa tazama tulivyopanga huduma zetu. Kidonge chenye kazi mbili tumekiweka katika chumba kimoja tu, cha wajawazito, na chumba hicho mwanamke hukifikia kazi mojawapo ikiwa imeshapitwa na wakati. Mama huyu hakukosea popote. Alimeza alichopewa tangu siku aliyopewa.

Kuhusu kotrimoksazoli, nilisita kumtajia, kisha nikamtajia, kwa sababu atakwenda tena duka la dawa maishani mwake. Ndani yake mna dawa inayozuia mwili kutumia folati, na aliimeza ndani ya wiki zilezile ambazo mkeka ulikuwa unakunjwa. Siwezi kusema ndiyo iliyosababisha. Wapo wengi waliomeza na watoto wao hawana tatizo. Nilimwambia tu kwamba mwanamke anayetafuta mtoto, au aliyechelewa siku zake hata wiki moja, aseme hivyo kabla ya kununua dawa yoyote. Wenye kifafa nawasisitizia zaidi, hasa wanaotumia valproeti: wasiache dawa ghafla, lakini wamwone daktari kabla ya kutafuta mimba.

Tulichoamua

Daktari wa kituo alimpima sukari, ikawa sawa. VVU hasi. Hatumii dawa za kifafa. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi hahesabiwi pamoja na wengine: uwezekano wa kujirudia ni mkubwa mara nyingi kuliko kwa mwanamke wa kawaida. Kwa hiyo dozi yake haikuwa ile ya kila mtu, mikrogramu 400 kwa siku. Yake ilikuwa miligramu 5, kidonge kimoja kidogo cha njano, kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi mwisho wa wiki ya 12.

Hapo ndipo chupa ya Maskati ilipotaka kutuharibia. Lebo ilisema kila kidonge kina mikrogramu 800 za asidi ya foliki. Mama huyu alifika kidato cha nne na hesabu anaijua. Alishasikia kwa mtu kuwa anahitaji 4,000, akagawanya, akapata vidonge vitano kwa siku. Alikuwa ameshaanza siku mbili zilizopita. Nikamwomba tuisome lebo yote, mstari kwa mstari. Vitamini A ya aina ya retino: yuniti 4,000 kila kidonge. Mara tano ni 20,000, na mjamzito hatakiwi kuzidisha 10,000 kwa siku kwa sababu vitamini A ya aina hiyo ikizidi yenyewe hulemaza mtoto tumboni. Kwa nia ya kumlinda mtoto angeweza kumdhuru kwa njia nyingine. Dozi kubwa ya folati hupatikana kwa kidonge cha folati peke yake. Chupa nilimwambia aiweke, kimoja kwa siku kinatosha akipenda, na akianza FEFO aje nayo tena tuangalie chuma isirundikane.

Kijiti je? Nilimweleza kwamba kikitolewa leo anaweza kushika mimba ndani ya wiki chache, tofauti na sindano ambayo humchelewesha mtu hata miezi tisa au kumi. Angalau mwezi mmoja wa folati kabla ya mimba unahitajika, na miezi mitatu ni bora. Kijiti ni chake na mwili ni wake. Angetaka kitoke siku ile ningekitoa na kumpa kondomu. Akafikiri, akampigia mumewe simu pale pale mezani, wakakubaliana kibaki miezi mitatu. Akaondoka na vidonge vya njano 90.

Chakula tulikigusa kwa ufupi. Kunde, maharage, mchicha na machungwa vyote vina folati, na Muheza hakuna wa kumfundisha mwenzake kula chungwa. Nilichomwambia ni kwamba mboga isichemshwe mpaka imelegea kabisa halafu maji yamwagwe, kwa kuwa folati huondoka na maji. Kuna jambo la unga pia. Sheria ya Tanzania tangu 2011 inavitaka viwanda vikubwa viongeze virutubishi katika unga wa ngano, na wa mahindi nao umewekewa viwango. Lakini nyumbani kwao wanapeleka mahindi yao mashineni, na mashine ya kijijini haiongezi kitu. Ugali wa nyumba ile haukuwa na asidi ya foliki ya kuongezwa hata punje. Wengi wetu tunakula unga wa aina hiyo, ndiyo maana kidonge kwetu bado kina uzito kuliko kule ambako mkate wa dukani tu umeshamfikishia mwanamke sehemu ya mahitaji yake.

Mimba ya pili

Kijiti kilitoka miezi mitatu baadaye. Alipochelewa siku tano alikuja, na mumewe nyuma yake, kipimo cha mkojo kikaonyesha mistari miwili. Nilipohesabu nilikuta mgongo wa mtoto ulikuwa bado unaelekea kufungwa siku ileile aliyokuwa amekaa mbele yangu. Katika kazi hii mara chache sana nimemwona mjamzito kwa wakati huo.

Wiki ya 13 ndiyo iliyotaka umakini. Dozi kubwa ya folati inaisha na SP ya kukinga malaria inaanza, na hivi viwili havitakiwi kukutana. SP humuua mdudu wa malaria kwa kumzuia asijitengenezee folati. Ukimpa mama miligramu 5 kila siku, unapunguza nguvu ya SP. Shirika la Afya Duniani limesema wazi dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP, ila mikrogramu 400 za FEFO hazina shida. Nilimwomba mfuko wake wa kitambaa, nikakuta vidonge vya njano 22 vimebaki.

"Hivi si ndivyo vinavyolinda mgongo? Niache?"

"Mgongo umeshafungwa. Vimemaliza kazi yake."

Alivitazama muda mrefu kabla ya kuniachia. Nilimwelewa.

FEFO ilimletea kichefuchefu, na kinyesi cheusi kikamtia hofu hadi nilipomwambia ni rangi ya chuma tu. Tuliihamishia usiku baada ya kula, kwa maji ya chungwa, mbali na chai kwa saa mbili hivi, maana chai hukamata chuma kisiingie mwilini. Akaivumilia. Niliwahi kumuuliza pia kama anatafuna udongo. Akacheka, akasema aliuacha mimba ile ya kwanza.

Wiki ya 20 tulimpeleka hospitali ya mkoa kwa utrasaundi, na katika barua ya rufaa niliandika kwa herufi kubwa: MGONGO NA KICHWA VIANGALIWE. Jibu likaja kwamba uti wa mgongo umeonekana mzima kutoka shingoni hadi chini. Alijifungua kwetu, wiki ya 39, mtoto wa kike, kilo 3.1. Niliposikia kilio nilimgeuza kabla hata sijamfuta, nikapitisha kidole kutoka kisogoni hadi kwenye mfupa wa makalio, kisha nikamshika mama mkono nikampitishia kidole chake mahali palepale.

Siwezi kudai ni kidonge. Hata bila folati, wengi wa mama wa namna yake huzaa mtoto mzima safari ya pili, na katika utafiti wa 1991 wapo sita waliomeza na bado ikajirudia. Kidonge hupunguza uwezekano, tena sana, na ndicho tulichokuwa nacho.

Kaka wa mtoto yule bado anahudhuria mazoezi ya viungo, na mama anajua dalili za mpira kuziba: kutapika, usingizi usio wa kawaida, macho kuelekea chini. Mzigo ule haujaondoka.

Chumbani kwetu tumebadili mambo mawili. Pembeni ya rejista ya uzazi wa mpango tumechora kwa mkono safu moja zaidi, "Unataka kuzaa lini?", na kopo la vidonge sasa linakaa pia juu ya kabati la chumba kile, na jingine kwenye chumba cha kupimia watoto uzito, maana mama anayekuja kupima mtoto wa mwaka mmoja ndiye mjamzito wa mwaka ujao. Pakiti tunazisoma kwanza. Zipo FEFO zenye miligramu 0.25 za asidi ya foliki na zipo zenye 0.4, na tunazotaka ni hizi za pili.

Mwezi uliopita mama yule alirudi akiwa na mtoto mgongoni, akapita foleni ya wajawazito, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu. Ana mdogo wake anayeolewa mfungo mosi. Alikuwa ameshahesabu njiani, akanihesabia tena mbele yangu kwa vidole: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. "Miezi mitatu, dada. Ameze kuanzia leo, au bado mapema?"

Nikamwambia leo ni sawasawa, ila mdogo wake dozi yake ni ile ya kawaida, FEFO moja kwa siku, na Ramadhani aimeze baada ya kufuturu, chai ikishapita. Kesho yake alimleta.